Bata wa kujaza upepo: wepesi mgongoni, farumi majini

Dazeni moja ya bata bandia wa plastiki ngumu, wale ambao mwindaji huwaelesha majini kuvutia bata mwitu, saizi ya kawaida ya mallard (bata mwitu ambaye dume lake lina kichwa cha kijani), pamoja na kamba na nanga zao, ni mzigo wa kilo 9 hadi 12 hivi. Kwa mwenye mashua hilo si neno. Kwa anayekwenda kwa miguu saa kumi alfajiri, ovaroli ya mpira imempanda mpaka kifuani, bunduki begani, na mbele yake kuna kilomita mbili za matope na mafunjo, ni neno kubwa. Ndiyo maana bata wa kujaza upepo wanauzika. Pakiti inasema gramu 150 kwa bata mmoja, nawe unapiga hesabu palepale dukani: dazeni nzima haifiki kilo mbili, inaingia kwenye begi la mgongoni na nafasi ya chupa ya chai inabaki. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila haijaisha, na wengi huingia mkenge hapo.

Pakiti imepima ngozi tu. Kinachomfanya bata bandia aonekane bata akiwa majini, yaani kukaa kwa kina kinachofaa, kutulia, kuelekeza kifua upepo unakotoka, chote kinatokana na uzito, na huo uzito ndio alioachishwa kiwandani. Mwindaji atalazimika kumrudishia kiasi. Ujuzi wote wa kuwatumia bata hawa uko kwenye swali moja: urudishe uzito gani, wapi, na bila kuubeba safari nzima.

Tunazungumzia uwindaji wa bata mwitu Marekani, hasa madimbwi ya nyika za Minnesota na Dakota zote mbili. Huko kuna maeneo ya serikali kuu ya kuzalishia ndege wa majini ambayo raia anaruhusiwa kuwinda, lakini gari linabaki kwenye maegesho na mguu ndio unaomalizia. Waswahili wanaoishi majimbo hayo wanayafahamu. Aliye Kenya asome kwa kujifurahisha tu, kwani huko uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977.

Wepesi wenyewe si jambo geni. Mwaka 1924, katika pango la Lovelock jimboni Nevada, walichimbuliwa bata bandia 11 waliosukwa kwa matete, wengine wamepakwa rangi na kubandikwa manyoya halisi, wenye umri wa miaka 2000 hivi. Matete ni mepesi, yanaelea yenyewe, na yanapatikana palepale unapowinda. Kiwanda bado hakijawapita wale wazee kwa mbali sana.

Bata wa upepo wako wa namna mbili, na makosa yao hayafanani. Wa kwanza ana valvu kama boya la kuogelea la watoto: unapuliza, unaziba, basi. Wa pili hana valvu kabisa. Chini yuko wazi, na mdomo wa uwazi huo umezungushiwa pete nzito. Ukimwachia juu ya maji anajivimbisha mwenyewe. Huyu wa pili ana historia ndefu Marekani. Bata wa mpira waitwao Deeks, wa Salt Lake City, Utah, walikuwa wa mtindo huu katikati ya karne iliyopita. Kuna pia wale wa kukunjwa wa sponji ya EVA, ileile ya kutengenezea ndala. Hao hawana upepo ndani na hawatoboki, ila wana mambo yao, na tutawaacha.

Tuanze na mwenye pete kwa kuwa ni mwepesi kueleweka. Mshike kichwa, pete ikae sambamba na maji, mwachie kutoka kimo cha shubiri mbili. Pete ikigonga maji yote kwa pamoja, hewa inanaswa ndani na mwili unajaa. Ikigonga upande mmoja kwanza, hewa inatorokea upande wa pili na bata anabaki amekunjamana kama soksi. Kumrusha kutoka ukingoni, kama wanavyorushwa wa plastiki, ni kazi bure. Lazima uingie majini umpeleke mahali pake kwa mkono. Mawimbi nayo humcheza: kila wimbi linaloinua ukingo wa pete linachota hewa kidogo, na baada ya saa moja ya upepo unamkuta amezama nusu, mgongo uko usawa wa maji. Mnyanyue, mkung'ute, mwachie upya. Faida yake ni kwamba pete ni uzito uliokaa mahali panapostahili, hivyo akipinduliwa na upepo hujirudi mwenyewe mara nyingi. Tena ana tabia moja ya kuchekesha: tundu lililo chini ya mstari wa maji halimdhuru hata kidogo, lakini tundu la ukubwa wa sindano mgongoni linammaliza, kwa sababu hewa yote imebanwa juu.

Mwenye valvu ndiye anayeuzwa zaidi, na ndiye mwenye shida ya farumi.

Mabaharia wa majahazi wanaijua farumi: mawe au mchanga unaowekwa tumboni mwa chombo kinaposafiri bila shehena, kisije kikapinduka. Bata wa valvu ni jahazi tupu. Mwili wa urefu wa sentimita 38, upana 17 na kimo 12 una ujazo wa lita nne hivi, maana yake unaweza kubeba karibu kilo nne kabla ya kuzama. Ukiupa gramu 150 peke yake, unakaa juu ya maji kama puto. Mallard halisi ana kilo moja na ushei, na sehemu ya chini ya kifua chake imo ndani ya maji. Wewe uliyejificha kwenye mafunjo hutaiona tofauti hiyo kirahisi, macho yako yako usawa wa maji. Bata anayezunguka juu anaiona mapema. Wimbi likipita, bata halisi huinuka na kushuka nalo. Huyu wako anateleza juu yake, anageuka ubavu, anapiga kichwa huku na huku kama kuku aliyekatwa. Kundi linashuka, linafika mita 60, halafu linanyanyuka bila sababu unayoiona, na lawama zinakwenda kwenye filimbi ya kuitia wakati kosa liko majini.

Dawa iliyotufaa ni washa za chuma, zile za fundi bomba, jumla ya gramu 60 hadi 90 kwa bata mmoja. Zifunge pamoja, zizungushie tepu ya umeme zisigongane wala zisikwaruze, kisha zining'inize sentimita tano chini ya tumbo, kwenye theluthi ya mbele. Hapo penye sentimita tano pana sababu. Zikiligusa tumbo zinasugua vinili mpaka inatoboka, na utobo huo hutokea kwenye mshono, mahali pabaya kuliko pote kwa kiraka. Zikishuka zaidi ya sentimita kumi zinaanza kubembea zenyewe na kunasa majani. Kama bata wako ana kitanzi kimoja tu mbele, ongeza kingine kwa kubandika kipande cha vinili chenye tundu. Usitoboe mkuku uliopo (ule uti wa chini ya tumbo) kabla hujahakikisha kwamba si sehemu ya chumba cha hewa. Kuna mikuku inayoonekana kama pezi tupu kumbe ina upepo ndani.

Kwa dazeni, washa zinaongeza karibu kilo moja. Mwenye uchungu na kilo hiyo hutafuta njia ya mkato, na zinazojulikana ni mbili. Ya kwanza ni kumimina maji ndani ya bata kupitia valvu, robo lita hivi, na kuyamwaga wakati wa kuondoka. Wazo ni zuri ukiwa sebuleni. Majini, bata akiinama kidogo kushoto, maji ya ndani nayo yanakimbilia kushoto na kumwinamisha zaidi, kwa hiyo anashinda kutwa amelala upande. Isitoshe, matone yanayobaki huganda kwenye valvu usiku. Ya pili ni vifuko vidogo vya kitambaa vya kujazwa mchanga ukifika. Hii inafanya kazi penye mchanga. Madimbwi mengi ya nyika sakafu yake ni tope laini, linachujika kwenye kitambaa, na baada ya saa moja una kifuko kitupu kinachoelea. Chuma hakina ujanja lakini hakikuangushi.

Sasa upepo wenyewe. Pumzi ya mtu hutoka ikiwa na joto la nyuzi 34 hivi na imejaa mvuke. Maji ya dimbwi mwishoni mwa Oktoba yana nyuzi 4 au 5. Hewa ikipoa kiasi hicho husinyaa karibu sehemu moja ya kumi, na mvuke nao hugeuka matone, hivyo bata uliyempuliza akakaza kama ngoma, dakika kumi baadaye shingo imelegea na kichwa kimeinama kama mtu anayesinzia msibani. Watu hudhani valvu inavuja, wanarudisha bata dukani. Havuji, amepoa. Mjaze, muweke majini, endelea na wenzake. Ukimaliza wa mwisho rudi kwa wa kwanza umwongezee pumzi moja, kisha wote wanaofuata. Kuwajaza nyumbani ili kuokoa muda hakusaidii: unabeba mafurushi yanayonasa kila kijiti njiani, na ukifika bado wamelegea kwa baridi ileile.

Kinyume chake hutokea wakati wa kurudi. Bata aliyeongezewa pumzi kwenye baridi, akiachwa amejaa nyuma ya kioo cha gari lililoegeshwa juani, hewa inapanuka na mshono unaachia. Fungua valvu zote kabla ya kupakia, hata kama una haraka.

Bata mmoja huchukua pumzi nne au tano, dazeni inakaribia sitini. Pulizia ukiwa umekaa juu ya begi ukingoni. Usifanye hivyo umesimama kwenye maji ya mapajani gizani, maana kizunguzungu kinakuja kwenye bata wa saba au wa nane, na ovaroli ya mpira iliyojaa maji haina msamaha. Mkanda wa kiunoni wa ovaroli uwe umekazwa muda wote. Pampu ndogo ya betri ya kujazia godoro inapunguza kazi, ila inanguruma, na madimbwi madogo bata hulala humohumo. Kwa mdomo au kwa pampu, weka akiba ya dakika 20 kuliko unavyozoea. Hiyo ndiyo gharama isiyotajwa kwenye pakiti: uzito umegeuka muda, na muda wenyewe ni ule wa kabla ya mapambazuko.

Nanga. Nanga ya kawaida ya gramu 113 ikizidishwa kwa 12 inakaribia kilo moja na nusu, yaani si mbali na uzito wa bata wote. Hapa ndipo mtu anaweza kuokoa kitu cha maana. Chukua kamba moja ya mita 15, nanga moja kila ncha, na katikati funga bata sita kwa vikamba vya urefu tofauti, kimoja sentimita 60, kingine mita moja na nusu, ili wasijipange kama askari gwaride. Vikamba vyote vikiwa na urefu mmoja utaona mstari ulionyooka kutoka mbali, na bata hawajipangi hivyo kamwe. Badala ya nanga za chuma, mfuko wa wavu wa vitunguu uliojazwa mawe unatosha, kama mawe yapo. Uzito wake wakati wa kutembea ni sifuri.

Bata anayefungwa peke yake apewe kamba ya mara moja na nusu ya kina cha maji, ifungwe mbele ya mkuku ili kifua kielekee upepo. Kwa kuwa amekaa juu sana, mwili wake ni tanga. Upepo wa kilomita 25 kwa saa unaweza kumburuta na nanga yake ya gramu 113 juu ya tope laini mpaka ng'ambo. Upepo wa hivyo unataka gramu 170 au 227, na nanga ya umbo la uyoga inashika tope vizuri kuliko ile bapa. Mtindo wa Texas, wa waya uliovikwa plastiki na nanga inayoteleza juu na chini, ni mzuri kwa bata wa plastiki. Kwa hawa una hatari moja. Ndani ya begi, vibano vya chuma vya waya huo vinachoma ngozi. Tumia klipu, nanga na waya vikae mfuko wao, bata wao.

Kuna mahali bata wa upepo anamshinda wa plastiki waziwazi, na ni kwenye kamba ya kuvuta. Asubuhi isiyo na upepo, maji yametulia kama kioo, bata bandia wasiosogea wanatisha kuliko kukosa bata bandia kabisa. Kamba ya kuvuta inapangwa hivi. Kigingi au mfuko wa mawe wa kilo tatu au nne unawekwa mbali, mita 20 hivi kutoka maficho. Kwenye kigingi unafungwa mpira wa kunyumbuka, wa aina ya ule wa kufungia mizigo kwenye pikipiki, urefu mita moja au moja na nusu. Kutoka kwenye mpira inakuja kamba nyeusi au ya kijani iliyokolea mpaka mkononi mwako, na kwenye kamba hiyo, kuanzia karibu na mpira, bata watatu au wanne wanabanwa kwa klipu zenye swiveli (kiungo kinachozunguka), wakiachana sentimita 60 hadi 90. Ukivuta, wanakuja mbele na kuchomeka vichwa majini. Ukiachia, mpira unawarudisha.

Wa plastiki wanne wanahitaji mkono wenye nguvu, na baada ya saa moja bega linalalamika. Wa upepo wanne wanaitikia kidole. Ukigusa kamba kidogo tu wanatikisika na viduara vya maji vinatawanyika mpaka kwa wenzao waliotulia, nao wanaanza kuyumba. Wakiwa hapa punguza farumi iwe gramu 30 tu, kwa sababu sasa kamba ndiyo inayowatuliza. Kosa la kawaida ni kuvuta bata wanapokuwa wameshafunga mabawa na kushuka: wanaona maji yakirushwa, wanaghairi. Vuta wanapokuonyesha mkia au ncha ya bawa, acha wanapokuja usoni. Kosa la pili ni kuikaza kamba mno, mpira ukabaki umevutika. Kwa uzito mdogo wa hawa bata, kamba nzima inapanda juu ya maji na kung'aa.

Kung'aa ni tatizo la vinili kwa jumla. Jua la asubuhi likiwa chini, mgongo wa vinili mpya unatoa mmeto mmoja mweupe ambao manyoya hayana. Plastiki ngumu ya siku hizi huwa na vijistari vinavyovunja mwanga. Ngozi iliyojazwa upepo ni laini tambarare. Rangi ya kawaida ya ukutani haifai, inapasuka mara ya kwanza unapomkunja na kuanguka vipande. Futa bata kwa spiriti kwanza kuondoa utelezi wa kiwandani, halafu paka rangi isiyong'aa ya kitambaa au ya vinili, tabaka mbili nyembamba, ukimwacha akauke amejaa nusu. Mgongo na mabega yatosha. Kichwa cha kijani cha dume kinang'aa kwa asili na hakina ubaya. Usiku wa baridi, sakitu ikiwafanya wawe weupe kabla jua halijachomoza, wamwagie maji kwa kiganja. Bata mweupe wa sakitu kati ya bata hai ni kama taa.

Barafu yenyewe ni mpaka wa kazi yao. Vinili ya PVC hukakamaa kwenye baridi na kupasuka palepale penye mikunjo ya zamani. TPU, plastiki laini ya yurethani, inastahimili zaidi, na ukiweza kuchagua, lipia tofauti ya bei hapo badala ya kulipia rangi nzuri. Ukingo wa barafu nyembamba, ile ya unene wa kioo cha dirisha, ukisukumwa na mawimbi unasugua tumbo la bata kama msumeno mdogo. Asubuhi ya kwanza utakayokuta maji yameshikana kingoni, rudi kwa plastiki.

Matundu mengine yanatoka kwenye mabua. Shamba la mahindi lililofurika ni chakula kizuri kwa mallard na ni kaburi la bata wa upepo, kwani kila bua lililokatwa ni mkuki uliosimama chini ya maji. Mbwa ni wa pili: Labrador akikata katikati ya bata bandia kufuata aliyeanguka, kucha zake na kamba zilizomzunguka mguu vinafanya kazi moja. Mwachie pengo pana upande mmoja wa kuingilia na kutokea. Marisawa, yaani punje za bunduki, ni ya tatu, na chanzo chake mara nyingi ni bata aliyejeruhiwa anayeogelea kati ya bata bandia. Lazima amalizwe haraka, ila mngoje atoke pembeni sekunde mbili, maana punje za chuma huruka zikigonga maji.

Kutafuta tundu si kazi ya ajabu, ni ile ya fundi baiskeli: beseni la maji, minya, fuata mapovu, zungushia kalamu. Kosa ni kuendelea kuiga fundi baiskeli mpaka kwenye solusheni. Solusheni ya viraka vya tyubu inashika mpira, kwa hiyo kwa bata wa mpira ni sawa kabisa; kwa vinili inabanduka baada ya siku mbili kama gamba. PVC inataka gundi ya vinili, TPU inataka gundi ya yurethani. Kausha, sugua kwa msasa laini namba 220 mpaka mng'ao uondoke, futa kwa spiriti, bandika kiraka cha aina ileile ya ngozi kinachozidi tundu kwa sentimita mbili kila upande, weka kitu kizito juu, uache saa 24. Majini kabisa, viraka vya kujibandika vinasaidia ikiwa tu bata amekaushwa kweli. Ukimfuta kwa mkono wa koti lenye umande, umebandika juu ya umande. Kati ya dazeni, chukua mmoja wa akiba badala ya kuhangaika na kiraka gizani.

Anayetaka kujua kama hawa bata wanavuta kweli asihesabu bata aliowapiga. Kupiga kunategemea mkono wake. Ahesabu makundi: mangapi yaligeuka kutazama, mangapi yalifika ndani ya mita 35, na yalishukia upande gani. Weka sita wa upepo kushoto kwa pengo la kutua, sita wa plastiki kulia, na siku inayofuata wabadilishane. Bila kubadilishana unapima dimbwi, si bata. Tulivyoona sisi, asubuhi tulivu hakuna tofauti ya kusimulia. Upepo ukipita kilomita 20 kwa saa, makundi yanaanza kuegemea upande wa plastiki, na wa upepo wasio na farumi wanakwepwa kabisa.

Kwa hiyo mpango unaolipa ni kuchanganya. Plastiki wanne, wazito, wakae upande upepo unakotoka, mahali mawimbi yanapoanzia. Wa upepo wanane wakae nyuma yao, ndani ya kivuli cha mafunjo, wakiachana hatua mbili. Pengo la kutua liachwe mbele ya maficho, kama mita 15 upana, kwa sababu bata hutua wakielekea upepo na wanataka uwanja. Wa mwisho kabisa asizidi mita 35, awe alama yako: aliye nyuma yake si wa kupigwa. Mwanzoni mwa msimu, Septemba mwishoni, madume wengi bado wana manyoya ya kahawia, basi majike wawe wengi; vichwa vya kijani wangoje Oktoba. Mzigo wote huu, nanga na kamba ndani, unabaki chini ya kilo saba, na unakaa majini kama bata.

Sheria kwa ufupi, kwa mgeni wa mchezo: kuanzia miaka 16 unahitaji stempu ya bata ya serikali kuu, iliyoanza mwaka 1934 na sasa ni dola 25, pamoja na leseni ya jimbo. Marisawa ya madini ya risasi yamepigwa marufuku kwa ndege wa majini nchi nzima tangu 1991, tumia chuma. Bunduki isibebe zaidi ya risasi tatu kwa jumla. Bata hai wa kuvutia wenzao walikatazwa tangu 1935. Bata wa mabawa ya mota majimbo mengine yanawabana. Wa upepo hakuna shida nao, ila soma kama jimbo lako linaruhusu kuviacha vifaa majini usiku. Mara nyingi haliruhusu.

Msimu ukiisha, wasuuze kwa maji yasiyo na chumvi, uwaning'inize kichwa chini na valvu wazi siku tatu ndani ya nyumba. Unyevu wa pumzi uliobaki ndani huota ukungu, na ukungu huo unanuka mwaka unaofuata pale utakapoweka mdomo. Bata wa mpira apakwe poda ya watoto ndani na nje, akae gizani, mbali na jua na mafuta. Wa vinili wakunjwe kwa ulegevu, si kwenye mkunjo uleule wa kiwandani, au wawekwe wamejaa robo. Sanduku liwe la plastiki lenye kifuniko, si gunia, kwa sababu panya wa gereji wakipata chembe ya mahindi iliyonasa kwenye kamba hawatofautishi chembe na bata. Agosti watoe, wajaze, waandike namba tumboni kwa kalamu ya wino usiofutika, na uwaache majini kwenye beseni usiku kucha. Asubuhi zisome namba za waliolegea.